Siku Kumi Bila Inhela ya Kahawia

Ilemela, Jumapili ya mwezi wa saba, alasiri.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Ziwa naliona kwa mbali, katikati ya mawe mawili makubwa nyuma ya nyumba ya jirani, na leo halina rangi ya kueleweka. Nimekaa kitandani na mito mitatu mgongoni, kwa sababu nikilala chali kifua kinaanza tena maneno yake. Mikono inatetemeka. Hiyo ni kazi ya inhela ya bluu, si huzuni, ingawa huzuni nayo ipo.

Nilipofungua blogu hii nilijiahidi kuandika ukweli hata ukiwa mbaya. Basi, wa leo ni mbaya.

Nianze na dawa, maana yote yameanzia hapo. Nina pumu tangu utotoni, na pua isiyopatana na vumbi. Natumia dawa tatu, na kwa miaka hii yote nimezizoea kama mtu anavyozoea mashemeji: kila mmoja ana msaada wake na kero yake. Inhela ya bluu ni ya dharura. Inafungua kifua kwa dakika chache, halafu inauacha moyo ukienda mbio na vidole havishiki kalamu. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, niwe mzima niwe mgonjwa. Huisikii ikifanya kazi, ndiyo maana watu huidharau. Ubaya wake ni kukwaruza sauti, na kuotesha utando mweupe kwenye ulimi usiposukutua mdomo baada ya kuivuta. Mimi huwa sisukutui. Nachelewa kazini, nasahau, naona uvivu.

Ya tatu ni ya kupuliza puani. Hiyo hunikausha pua mpaka damu inatoka, na uchungu wake unateremka kooni wakati nakunywa chai. Hata hivyo ni afadhali kuliko ile ya kuzibua pua niliyowahi kujinunulia dukani bila kuuliza mtu. Ilinizibua wiki moja, kisha nikakaa mwezi mzima pua imeziba kabisa.

Ningeulizwa mwezi uliopita ni ipi kati ya hizo naweza kuishi bila hiyo, ningesema ya kahawia.

Mama alikuja wiki tano zilizopita, kwa meli kutoka Bukoba, na mikungu miwili ya ndizi na kopo la senene wakavu, panzi wa kwetu wa kutafuna. Nakaa peke yangu. Nakata karatasi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mjini, nina miaka thelathini na mitatu na sijaoa, kwa hiyo alikuja kuona mwanawe anaishije. Siku ya tatu tukiwa mezani alisimulia kisa cha katekista wao aliyesinzia kwenye ibada, nikacheka kinywa wazi. Yeye akaacha kucheka kabla yangu.

Tangu siku ile akawa mpole mno. Supu kila asubuhi. Mashuka yangu yanafuliwa hata kama hayajachafuka. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba alianza kula kwenye sahani yangu. Sahani ninazo sita, lakini anasogeza kiti tunakula sahani moja, na nikiacha chai nusu anaimalizia kwenye kikombe changu hicho hicho. Nilidhani ni utu uzima umekuja na mapenzi yake. Nakiri nilifurahi. Hata mwanaume mwenye ndevu hupenda kudekezwa na mama yake.

Kisha jioni moja, akiwa anakunja nguo, akasema bila kunitazama, "Baba, siku hizi dawa zipo. Watu wanaishi nayo, wanazaa, wanazeeka. Usione aibu."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilikaa chini.

Kwa mtu wa Kagera wa umri wa mama, ulimi mweupe una maana moja tu. Waliuona kwenye vinywa vya watu wengi mno miaka ile ya mwanzo ya ukimwi, wakawa hawamsubiri daktari awaambie. Nikamweleza kwamba ni utando wa inhela, fangasi tu, ni uvivu wangu wa kutosukutua. Akaitikia kwa kichwa, kwa upole ule ule.

"Hata mjomba wako Kamugisha alisema ni kifua tu," akasema.

Mjomba Kamugisha ni kaka yake mkubwa aliyekufa kabla sijazaliwa. Nilichokuwa najua juu yake ni picha moja ukutani kwa bibi, na kwamba hazungumzwi.

Nilikwenda kupima. Nilikwenda bila wasiwasi, nikaupata nikiwa kwenye benchi nasubiri, halafu majibu yakatoka kwamba sina. Nikamletea mama karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye kitabu chake cha sala. "Karatasi zinaandikwa na watu, baba."

Hapo hasira ikanishika, na hasira ni hasara. Niliamua ulimi wenyewe ndio utakaomjibu. Nikaacha ya kahawia. Nilijiambia kwamba ile ya puani ni ndugu yake, dawa za ukoo mmoja, maana nimesoma vikaratasi vya kwenye boksi zote mbili. Nikiongeza mpulizo puani, si itateremka yenyewe mpaka kifuani? Namjua mtu mmoja tu mjinga kiasi hicho, na ndiye anayeandika hapa.

Ulimi ulisafika kweli. Siku ya saba ulikuwa mwekundu kama wa ndama, nikamwonyesha. Akasema Mungu ni mkubwa, akaenda kumenya ndizi.

Siku ya kumi ilikuwa Alhamisi. Upepo ulikuwa kama huu wa leo, kazini tulikata karatasi tangu asubuhi, na wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamepanda kwa wingi na kujaa madirishani. Saa tisa nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani. Pua ilikuwa wazi kabisa. Hewa inaingia vizuri, inafika kifuani haina pa kupita. Nilivuta ya bluu, nikavuta tena, na kifua kikaanza kupiga mluzi.

Mama alitoka jikoni na kisu mkononi, akasimama mlangoni. Hakuita mtu na hakunishika. Alikuwa anasikiliza. Jirani mwenye bajaji ndiye aliyenisikia, akaja akatubeba wote wawili.

Kwenye kituo cha afya walinivisha barakoa ya mvuke. Nesi alikuwa mama mtu mzima, Msukuma asiye na haraka, na alipojua nilichofanya alinisema mbele ya wagonjwa wote. "Pua na kifua ni vyumba viwili, kaka. Unamwaga maji sebuleni, moto uko jikoni." Akauliza kwa nini niliiacha ya kahawia. Nikamwambia ilinipa ulimi mweupe, watu wakafikiri vingine. Akamgeukia mama.

"Ule ni wa dawa, mama. Wenye inhela wengi wanaupata. Asukutue tu, basi."

"Ni wa dawa?"

"Ni wa dawa, mama yangu."

Nilitegemea kuona furaha. Ijumaa na jana mama alinipakulia chakula, na yeye akala peke yake jikoni.

Leo aliporudi misa alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, na vitenge vyake vya kanisani bado vimemzunguka.

"Alikuwa anapiga mluzi hivyo hivyo," alisema.

Nikajua anamsema nani. Akanisimulia yote kwa sauti moja, kama anasoma. Mjomba alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huku Mwanza. Akarudi kijijini amekonda, anakohoa, ulimi mweupe. Wakati ule kijiji kilikuwa kinazika karibu kila juma, na hakuna aliyeuliza mara mbili. Wakamhamishia kwenye kibanda mwisho wa shamba la migomba, wakamtengea sahani na kikombe chake. Alipokohoa wakasema ana baridi, wakamwashia moto mle ndani, kwa kuni mbichi. Alipoomba atolewe nje wakasema anaweweseka. Alikuwa na kidude cha rangi ya kahawia, mama anasema, akikipuliza mdomoni asubuhi na jioni. Wao waliona anajifariji.

Kidude kikaisha. Aliyekuwa anampelekea chakula na kukiacha mlangoni alikuwa mama, kwa hiyo mjomba alimtuma yeye aende hospitali ya misheni akamletee kingine. Mama alikuwa na miaka ishirini na mbili, amechumbiwa, na watu wa mchumba wake walikuwa wanakaa karibu na geti la hospitali hiyo. Aliogopa kuonekana akiulizia dawa ya mgonjwa yule. Alifika barabara kuu, akakaa kwenye kalvati la mtaro mpaka jua likageuka, akarudi. Akamwambia kaka yake dawa imekwisha hospitalini.

"Akaniambia asante. Akasema nimetembea sana, nikapumzike."

Alikufa juma hilo hilo. Mchumba alikuwa baba yangu.

Kuna wakati mtu anajua anapaswa kumshika mama yake mkono, na mkono hauendi.

"Wewe ulikaa siku ngapi bila kidude?" akauliza.

"Kumi, mama."

"Yeye zilikuwa sita." Akanyoosha shuka kwa kiganja. "Kingemsaidia?"

Nilimwambia hakuna anayejua. Nilimwambia huenda mjomba alikuwa na vyote viwili, pumu na ule ugonjwa, maana wengi walikuwa nao. Ni kweli, inawezekana. Lakini sikumwambia kwa sababu inawezekana. Nilimwambia kwa sababu alikuwa ananitazama kinywani, akingoja. Mimi mwenyewe Alhamisi, nilipokuwa nimeshika fremu ya mlango, ningetoa chochote nilicho nacho nipate mivuto miwili ya ile ya kahawia niliyoiruka wiki nzima.

Akasema, "Eeh." Akaondoka.

Nina hasira na kijiji kizima, na sina pa kuipeleka. Siwezi kumkasirikia msichana wa miaka ishirini na mbili aliyekaa kwenye kalvati. Mimi nimeacha dawa yangu mwenyewe kwa kuogopa ulimi wangu utasemwaje, na aliyekuwa ananisema ni mama yangu tu, ndani ya nyumba yangu, kwa upendo.

Saa kumi nilivuta ya kahawia mbele yake. Nikasukutua, nikatema, nikasukutua tena. Akaichukua mezani, akaitikisa karibu na sikio.

"Ikiisha unaipata wapi?"

Nikamwelekeza lile duka la dawa kule chini, ukishavuka lami, linalofunguliwa hata Jumapili. Nikamwambia hii ni mpya, itanifikisha mwisho wa mwezi ujao. Akasema amesikia. Akaingia chumbani, akatoka amevaa viatu.

"Mama, bado imejaa."

"Nimesikia, baba."

Sasa hivi namwona dirishani. Anateremka kwenye mawe polepole, mkono mmoja unashika ukuta wa jirani, na mwingine umeshika boksi tupu la inhela, ameliinua mbele ya kifua ili kila anayepita alione. Kuna watu wawili wamesimama kumsalimia. Anawaonyesha, anawauliza njia, ingawa njia nimeshamwambia.

Nina pumzi ya kutosha kumwita sasa. Nikimwita, nitamwambia nini?