Vikasha Viwili

Jumapili, 10 Machi
Nimepanga vidonge vya wiki, vyangu na vya mdogo wangu. Changu kikasha cha bluu, chake cha pinki, vyumba saba kila kimoja. Kazi yangu, kwa sababu yeye hata miwani yake huiweka kwenye friji. Ugonjwa mmoja, saratani ya titi la kushoto sote wawili, daktari mmoja. Dawa tofauti!

Tangu nianze yangu, vidole vimekaza. Jana mkasi ulinidondoka mbele ya mwalimu mkuu, mteja wangu wa miaka kumi na moja. Mdogo wangu akauokota, akamalizia kola huku anaimba. Mwalimu mkuu anasema gauni lijalo angependa alikate mdogo wangu. Nikacheka, meno nje, roho inachemka. Nani alimfundisha kushika huo mkasi?

Ana arobaini na sita, bado anaona siku zake. Mimi zangu zilikoma zamani. Basi vijana wanapewa dawa nzuri, sisi tunapewa za kusukuma siku.

Nimebadilisha. Vyake kwangu, vyangu kwake. Vyote vyeupe, vidogo, hatajua. Wiki moja tu—naye aonje.

Jumapili, 17 Machi
Anaimba! Dawa yangu ileile, na bado anaimba. Mimi nafuu kidogo, labda. Wivu umenifanya niache chai mezani.
Nimempangia wiki ya pili.

Jumatano, 20 Machi
Nimekwenda peke yangu kuchukua dawa zetu. Nikamtania mfamasia: kwani mimi na mdogo wangu tukibadilishana?

Hakucheka. Akasema dawa yangu inauzuia mwili kutengeneza homoni inayoulisha uvimbe, lakini ni kwa waliokoma hedhi. Kwa ambaye hajakoma, ovari zinaendelea kuitengeneza, pengine zaidi. Akiimeza hiyo peke yake ni kama hajameza kitu. Ya mdogo wangu haizuii homoni kutengenezwa, inaizibia tu njia isiingie kwenye uvimbe. Hata mimi ingenisaidia, ila wamenichagulia iliyo bora zaidi kwangu.

Bora zaidi! Mimi!

Siku kumi mdogo wangu hana kinga. Nimerudi mbio, nimevirudisha vidonge vyote mahali pake. Akanikuta chumbani. Dada, mbona unahema? Nikasema ngazi.

Jumapili, 24 Machi
Nimepanga. Nimehesabu mara tatu. Sijamwambia.

Jumatatu, 25 Machi
Benchi la kliniki. Yeye yuko ndani kwa daktari.

Asubuhi, tukisubiri, aliniambia kitu. Kwamba wiki mbili hizi vidole vilimuuma, na magoti, hata kuinuka kitandani shida. Sasa vinaachia. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Dada, wewe unaumwa miezi yote hiyo na bado unashona. Ningeanzaje kulia mimi? Nikawa naimba tu." Akanishika mkono. Akasema ananionea wivu, laiti ningempa huo moyo wangu hata robo.

Nilitaka ardhi inimeze.

Muuguzi ametoka. Daktari anauliza kama mgonjwa amewahi kukosa dawa, hata siku moja. Mgonjwa amejibu kwamba aulizwe dada yake, ndiye anayejua.

Mlango uko wazi. Namwona kitini, ananitabasamia. Muuguzi amerudia swali. Nimemwomba dakika moja, nimalizie mstari—