Konokono wa Mfereji Wangu

Misikhu, Jumanne, Aprili 2006

Mdomo wangu huu. Wiki nzima nimemtukana jirani yangu Mama Wekesa, ati macho yake mabaya ndiyo yanamfanya mjukuu wangu Nafula ahare damu, kwa sababu alimtazama akila.

Leo daktari akaniita nyanya kwa lugha yetu, akaniuliza, "Kukhu, mtoto anacheza kwa maji gani?"

Nikamwambia ni mfereji niliochimba mwenyewe kutoka mtoni, wa kunyweshea nduma zangu.

"Maji yanaenda mbio?"

"Yamelala tu."

Akasema hapo ndipo konokono wa kichocho wanapenda. Mtoni maji yanawasukuma, kwangu wanapata nyumba, na vijidudu vyao vinaingia mtu kwa ngozi akigusa maji tu. Nafula amepewa dawa, atapona. Asante Mungu.

Lakini jioni Mama Wekesa akaja kumwona, amebeba uji, na mtoto wake mdogo nyuma yake, baada ya matusi yote hayo. "Haya, mchawi amefika," akasema, akacheka. Mimi nikapokea uji. Akirudi kwake akapitia mferejini, akaosha mtoto wake miguu, na mimi niko hapo nimenyamaza. Aibu ilinifunga mdomo, mimi ambaye...

Kesho kabla hajashika ndoo kwenda mferejini nitakuwa mlangoni kwake, nimwambie habari ya konokono. Akinifungia, nitasemea dirishani.