Divai ya Baba Mezani kwa Wakwe

Shikamoo Baba. Mimi na mjukuu wako Neema tumefika Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, na huku mvua haikatiki.

Ile divai nyekundu ya shamba letu niliwamiminia jana wazazi wa mume wangu, baba mkwe kwanza, kama ulivyonifundisha. Hakuna aliyegusa glasi. Nikajua joto la basi limeichachua. Nikawaza miaka yako yote na mizabibu kwenye ule udongo mkavu wa Dodoma.

Mama mkwe akaninong'oneza: "Maman Neema, onja wewe kwanza. Hapa kwetu batu habawezi kunywa kitu yenye mwenyewe hayaonja, banaogopa sumu."

"Mama, nanyonyesha. Nitagusisha midomo tu, sinywi."

Nikajimiminia glasi, nikagusisha. Ilikuwa nzima, Baba, ile ile yako. Mama mkwe akaiacha glasi yake, akachukua yangu, akainywa yote.

"Papa, kunywa," akamwambia mumewe. "Huyu ni mutoto wetu."

Sasa wanasema watakuja Dodoma kukuona, na mimi silali. Tafadhali Baba, siku hiyo uonje wewe kwanza.

Neema anakukumbatia. Vaa sweta asubuhi.

Mwanao