Kaburini Kwa Eliya

Jumanne, jioni.

Tumemzika Eliya, mwanangu wa pekee, kando ya shamba letu la kahawa. Homa imemmaliza kwa siku tatu.

Mchungaji alitaka kusali yeye. Nikakataa. "Nitaweza," nilimwambia. Mimi mwinjilisti, niliyewahi kusali mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, watu wakanisifu wiki nzima! Leo kaburini mdomo haukufunguka.

Watu walingoja. Mwishowe mama yangu, asiyejua kusoma, akanishika mkono akasema kwa Kimeru, "Mungu, hatuwezi. Tubebe." Wakaitikia amina.

Miaka yote hii nimeyategemea maneno yangu, nikidhani namtegemea Mungu. Sasa yamekwisha, na Yeye simwoni.

Mke wangu ameuliza, "Baba Eliya, leo hatusali?"

Nimemwambia aanze yeye. Ameinuka, akaenda kitandani bila kusali.