Mbaruti Wako Haukukatwa

Bibi yangu,

Leo tumemaliza kilio chako. Mwaka umepita. Nimekaa nyuma ya nyumba nikuandikie kwa Kiswahili, ingawa ulipokuwa hai nilikujibu kwa Kiingereza kila siku. Ulikuwa ukiniuliza, "Hicho Kiswahili unachokielewa unakificha wapi, kabatini?"

Asubuhi mwanao, Mjomba Fideli, alikuja kutoka mtaa wa Quakers Hill na mashine ya kukata majani. Watu wa kanisani wanakuja, alisema, lazima kuwe safi. Akakata kila kitu mpaka akafika kwenye uzio, pale mafundi walipomwaga chokaa, pasipoota kitu ila mbaruti wako. Unaujua ulivyo: mfupi, hauna hata shina, umekaa chini kama sahani yenye miiba. Nilisoma maktabani kwamba mibaruti ya namna hii hupenda ardhi kavu yenye chokaa. Wewe hukuhitaji kitabu. Kabla ya kuanika nguo uliinama kulitazama ua lake. Likiwa limejifunga, nguo zilibaki ndani.

Na leo lilikuwa limejifunga, Bibi. Jua kali, lakini limejifunga!

Nikasimama mbele ya mashine. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa jina naangalia viatu.

"Mjomba, usiukate! Ni wa Bibi. Ua lake linasema mvua inakuja."

Akazima mashine. "Haa! Kumbe huyu anaongea!" Wote wakacheka, hata Mama. "Haya, mtabiri. Isiponyesha kufikia saa nane, naukata."

Nilikaa kwenye ngazi nikitazama anga. Saa saba na nusu sufuria za sombe ya majani ya muhogo zilikuwa mezani nje, na Mjomba, ndani ya suti yake ya kijivu, akasimama kutoa hotuba. Tone moja likaangukia karatasi yake. Halafu mvua yote! Ungewaona akina mama wa kanisani wakikimbiza sufuria gerejini kwetu. Mjomba aliingia wa mwisho, amelowa chapachapa, anacheka huku ameshika mlango: "Mama bado anatuamrisha!" Tukala katikati ya matairi na baiskeli, tukaimba mpaka mvua ikaisha.

Sasa Mjomba ameuzungushia mbaruti matofali. Amejichoma vidole viwili na lawama zote amekutupia wewe.

Ua linaanza kufunguka. Kesho ni zamu yangu ya kuanika. Nitainama kwanza, halafu nitaingia ndani nimwambie Mama, kwa Kiswahili.

Pumzika, Bibi. Habari za mvua niachie mimi.

Mjukuu wako,
Klodina