Maji ya Siku ya Kikao

Dada Tumpe,

Tangu uondoke, ukoo huu unaendeshwa na mimi peke yangu. Sijisifu, nasema ilivyo. Mwenyekiti wa kitongoji hafungui kikao kabla sijakaa. Bodaboda wa Isongole wananipigia honi wote, hata wenye abiria. Mwaka huu kiazi changu kimoja kilikataa kuingia kwenye sufuria kubwa ya misiba. Kwa hiyo usihangaike na Sekela. Binti yako yuko mikononi mwa mtu mzito.

Ngoja nimchungulie kwanza.

Nimerudi. Yuko jikoni, anamenya ndizi. Ya kwanza ameimaliza. Mtu mwingine angeona ni ndizi tu, ila wewe unajua.

Nakuandikia kwa sababu siwezi kutulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui nilikuwa naenda wapi. Mvua inapiga bati toka asubuhi na mimi nimeshatoka nje mara nne bila kazi.

Ni kile kikao, dada. Sekela alikuwa na miaka kumi na minne, ameacha kula, ameacha shule, amegeukia ukuta. Shemeji alimfokea mpaka sauti ikamkauka, kisha akanyamaza kabisa, hata kwako, mkawa mnapishana mlangoni kama wapangaji. Wewe uliacha kwaya, ukahamishia mkeka wako mlangoni kwa mtoto. Ukanijia hapa kwangu Lufingo kanga imelowa: "Ambakisye, nisindikize hospitali Tukuyu. Huyu mtoto si mvivu, anaumwa."

Mimi nikasema hospitali ya nini. Mtoto akiwa hivi, kuna mtu kwenye ukoo ana kinyongo tumboni. Nikaitisha watu, kama walivyofanya wazee wetu: kila mmoja aseme kinachomuuma, achukue maji mdomoni, ayateme chini, yaishe; akiyameza, kinyongo kinabaki naye.

Kumbe vinyongo vyote vilikuwa juu yako. Shangazi yake Sekela akaanza: "Umemdekeza." Shemeji akafuata: "Mimi nikimwambia aamke, mama yake anamfunika blanketi." Na mimi, mkubwa wa kikao, nikasimama nikapigilia msumari: "Nilipokuwa na umri wake nilitoka nyumbani kwa miguu! Nikavuka mto Songwe mamba wananitazama, nikakaa Malawi miezi mitatu nafanya kazi. Nani alinifunika blanketi?" Watu wakacheka. Wewe uliniangalia. Neno moja tu lako lingenikalisha chini, dada. Hukulisema. Ukatema maji yako, ukaenda kumkorogea mtoto uji.

Presha ikakuchukua kabla hatujachimba viazi. Daktari alisema ilikuwa ya siku nyingi. Lakini msibani shangazi alisema, "Mtoto ndiye aliyemmaliza mama yake," na Sekela alikuwa nyuma yake amebeba vikombe. Akaviweka chini kimoja kimoja, taratibu, akaingia ndani. Nilisikia. Nilikuwa karibu. Nikajifanya nafukuza kuku.

Matanga yalipoisha nikamchukua. Shemeji hakukataa. "Nikimwona namwona mama yake," alisema, "na sijui nimwambie nini." Siku hizi anakuja Jumapili na chupa ya maziwa, anakaa naye kibarazani. Hawaongei sana. Ila anakuja.

Tukuyu nimempeleka, kama ulivyotaka. Nimechelewa, najua. Nilivaa koti. Nikaanza kumweleza nesi historia ya ukoo, akanikata: "Baba, umekuja kuhutubia au umeleta mgonjwa?" Akasema ni ugonjwa, unaitwa sonona, si uvivu na si mkono wa mtu, na unatibika, ila pole pole. Akanivuta pembeni: "Acha kumsimulia ulivyokuwa jasiri. Msikilize." Dada, kunyamaza ni kazi. Afadhali mamba.

Basi nikanyamaza wiki nzima, mpaka majirani wakaja kuuliza kama naumwa. Juzi tunachagua mbegu za viazi, yeye na mimi, akauliza, swali la kwanza tangu aje kwangu: "Mjomba, kule Malawi ulikuwa unalala wapi?"

Nikafungua mdomo. Uongo wote ulikuwepo, umejipanga. Haukutoka.

Nikamwambia: Sikwenda Malawi. Nililala kwenye banda la kuivishia ndizi, nyuma ya nyumba yetu, miezi mitatu. Sikuwa na homa. Sikupigwa na mtu. Nilikuwa siwezi kuamka tu. Baba aliona aibu. Mama yako, naye bado binti, ndiye aliyeniletea uji kila asubuhi, na watu wakiuliza anawaambia nimekwenda Malawi. Safari aliitunga yeye. Mimi niliongeza mamba.

Akanitazama. "Kwa hiyo na wewe?"

"Na mimi."

Akaendelea kuchagua mbegu. Akauliza: "Mama hakuchoka?"

Nikamwambia: Alichoka. Alichoka na mimi, akachoka na wewe, lakini hakufa kwa ajili yangu na hakufa kwa ajili yako. Jana aliamka kabla sijamwita.

Nimekwenda kuchungulia tena. Ndizi tatu.

Hajapona, dada, sikudanganyi. Kuna siku ukuta bado unamshinda. Lakini tarehe ya kliniki nitampeleka, hata barabara ikiwa tope mpaka magoti. Na shangazi nitamwita, mbele ya walewale waliokuwa msibani, alirudishe neno lake Sekela akiwa anasikia. Nitasema kifupi. Bila mamba.

Lala sasa, Tumpe. Mlango wa mtoto naulinda mimi. Ndaga, asante kwa uji wa bandani, sikuwahi kukushukuru.

Limebaki jambo moja, dogo, na linaniaibisha kuliko Malawi. Siku ya kikao, zamu yangu ilipofika, nilijaza maji mdomoni, nikainama kama wengine, nikajifuta midomo. Watu wote waliamini.

Sikuyatema, dada. Niliyameza.

Mdogo wako,
Ambakisye