Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Musinzira, Gitega
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Mpendwa binamu yangu Kassimu,

Assalam aleikum. Hujambo huko Muyinga? Shakila na watoto je? Natumaini kile kikohozi ulichokuwa nacho siku ya maziko kimekuacha. Sisi tupo. Mama anakula kidogo. Mimi nimerudi kwenye cherehani, ila nachoka hata adhuhuri haijafika.

Sikupiga simu kwa sababu mama hukaa karibu yangu mchana kutwa, na jambo lenyewe linahusu simu ya marehemu mdogo wangu Husni. Mama huiweka kwenye mkoba wake, na kila asubuhi huichaji.

Unaijua ile programu ndogo aliyoiandika Husni, ya faili moja tu, ambayo nyinyi watengeneza tovuti huiweka kwenye kazi zenu: unaandika sentensi na kuacha nafasi, nayo inajaza jina la kila mtu. Mliijaribu hapa kwangu mkila sambusa, mkaipaka ordineta, hii kompyuta yangu, mafuta.

Juzi niliitumia kualika watu kwenye dua ya arobaini yake. Niliandika ujumbe mmoja, nikachagua orodha yake ya ukoo, nikabonyeza. Simu ikalia ndani ya mkoba wa mama.

"Wee Salama, nisomee. Iko nani anamtafuta?"

Nilisoma kimya: "Mpendwa Husni, unaalikwa kwenye dua ya arobaini ya Husni." Nilisahau kwamba katika kila orodha alijiweka mwenyewe wa kwanza, ili aone kama ujumbe unafika sawa. Nikamwambia mama ni matangazo tu.

"Bon, waambie hayupo," akasema.

Sasa baba mkubwa Zakaria anataka zile salamu za Ijumaa alizotuma Husni, zilizosimama tangu msiba, zianze tena kwenda kwa ukoo. Ni orodha ileile. Nimejaribu kulitoa jina la Husni mara tatu, na mara tatu nimefunga ordineta. Nilitaka kukuomba ulifute wewe kabla ya Ijumaa.

Nilipofika hapa kwenye barua, mama aliuliza namwandikia nani maneno yote haya. Nimechoka kumficha. Nikamweleza, hata uongo wangu. Akaitoa simu, akaifuta kioo kwa upindo wa mtandio.

"Msilitoe," akasema. "Mi namwita kila siku peke yangu. Waache na wengine wamwite."

Basi binamu, usilifute. Ijumaa simu ikilia nitamsomea mama kama ilivyoandikwa.

Jambo jingine: watu wa mbali wanaotumia programu hiyo wanaandika kuuliza nani ataitunza. Nimewajibu kuwa ni wewe. Nisamehe kwa kutokuuliza kwanza.

Barua anakuletea Juma, dereva anayekwenda Kobero kesho kupitia Muyinga. Dua ni Jumapili ya wiki ijayo, usikose. Nisalimie Shakila, Layla na shangazi Zawadi. Mungu awape afya na awafikishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Salama